Kuku Wawili kwenye Ngao ya Mheshimiwa

Nilichora kuku wawili walionyonyolewa, wamesimama kifua mbele, wameshikilia ngao ya Mheshimiwa. Juu ya ngao, mahali pa taji, nikaweka maiki. Chini nikaandika: MWENYE MAIKI HASHIBI. Huo ndio ujinga wenyewe. Mengine yote yalifuata.

Mheshimiwa ni Mtanzania mwenzetu, tunasali naye hapa Takoma Park, Marekani, akachaguliwa diwani wa mji. Kuapishwa tu, akataka nembo yake binafsi kama wafalme wa Ulaya, tena ichapwe kwenye kanga watakazovaa akina mama siku ya kumpongeza. Kazi ya kanga akapewa mama yangu. Mama yangu! Anayeshinda akiwaogesha wazee wa watu, na ambaye kila sherehe ya kanisa yuko jikoni anasugua sufuria wenzake wakipiga picha. Safari hii yumo kwenye kamati ya sherehe. Alinunua hadi viatu.

Kuchora nikachora mimi, maana shuleni nasifika kwa mkono huo, na kwa kutolewa darasani. Nembo ya kweli ilitoka safi: simba wawili, daraja, na maneno UONGOZI NI UTUMISHI. Nikamtumia mama. Halafu, nikijua yuko kwenye basi anatoka kazini, amechoka, nikamtumia na ile ya kuku. Acheke kidogo.

Hakucheka. Aliipeleka kwa mchapaji Dar. Kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka aliona ndege, akadhani ni tai. Si tuko Marekani? Na maneno hayakumshtua. Kanga gani haina kijembe? Alidhani nimerekebisha tu ile ya simba.

Kanga zikaja kwenye masanduku ya wasafiri, zikafika ukumbini siku ya sherehe yenyewe. Mabunda yakafunguliwa Mheshimiwa keshashika maiki. Akakunjua moja mbele ya watu, akasoma kwa sauti ile ile ya kuhutubia:

“Mwenye maiki…”

Akaishia hapo.

Nilisubiri mtu acheke. Hata mmoja. Mimi ambaye hucheka hadi msibani, nilishindwa. Nilitamani ardhi inimeze, lakini sakafu ya huku ina zulia. Mheshimiwa akaiweka maiki chini taratibu, mara ya kwanza tangu nimjue, akaenda kukaa.

“Dada, tulikupa kazi moja,” mwenyekiti wa akina mama akamwambia mama, watu wote wakisikia. “Moja tu!”

Mama hakunitazama hata mimi. Alivua viatu vipya, akavishika mkononi, akashuka jikoni.

Nilimkuta kwenye sinki, povu hadi viwikoni, huko juu wanakunja kanga kimya kama wanakunja sanda.

“Mama, napanda sasa hivi. Nawaambia ni mimi.”

“Nyamaza, baba,” akasema. “Mimi huku jikoni walishanizoea. Lete hiyo sufuria.”