Mkalimani Aliyenyoosha Maneno ya Winta

Mwanangu alitamka maneno matatu. Mkalimani akatafsiri sentensi nzima.

Hapo ndipo machale yaliponicheza.

Tulikuwa kliniki, hapa hapa Borås, huku kwa Waswidi, nje theluji inayeyuka. Winta wangu, miaka mitano, kakaa mbele ya Ingalill, mtaalamu wa lugha za watoto. Ingalill akamwonyesha picha: mbwa kaiba soseji, mzee anamkimbiza.

"Anieleze kwa Kitigrinya, lugha yenu ya nyumbani, kinachotokea," akamwambia mkalimani wetu, dada Letebrhan.

Winta akakodoa macho weee. Kisha akasema: "Mbwa... babu... ile."

Basi.

Letebrhan akamgeukia Ingalill, kwa Kiswidi cha kunyooka: "Mbwa ameiba soseji ya babu, na babu anamfukuza."

Nikaduwaa. Alidhani Kiswidi changu ni cha kununulia mkate tu. Hakujua kwamba kila jioni, nikishamwacha Winta na baba yake, mimi niko darasani namenyana na vitenzi.

Nikauchuna.

Ingalill akatabasamu. "Habari njema, Mama Winta. Lugha ya nyumbani iko imara, Kiswidi kitakuja chenyewe. Angekuwa amekwama kwenye lugha zote mbili, hapo ningesema kuna tatizo, ningempa nafasi kwenye kikundi chetu cha mazoezi ya kusema."

Kitakuja chenyewe! Mtoto ambaye akitaka maji hunivuta sketi mpaka bombani? Na shule inafunguliwa Agosti. Nilishamwona kichwani mwangu, kasimama uwanjani peke yake, wenzake wanamcheka.

Nikampigia shoga yangu Semhar, nikamsimulia yote.

"Wee, amka!" akanijia juu. "Hao lao moja. Nafasi zenyewe chache, wanapeana wao kwa wao. Letebrhan anakula nao sahani moja."

"Letebrhan huyu? Aliyembeba Winta siku ya ubatizo?"

"Kikulacho ki nguoni mwako, mama."

Sikutaka kuamini. Lakini tangu hapo kila alichofanya nilikitilia shaka. Mbona kanisani ananikwepa? Mbona akimtazama Winta anageuza uso?

Nikaamua kumtega.

Kwetu kahawa huenda mizunguko mitatu, na mgeni haondoki kabla ya ule wa tatu, wa baraka. Ukitaka kumbana mtu wetu, chemsha kahawa.

Akaja Jumapili, baada ya ibada. Mzunguko wa kwanza, tukasema habari za baridi. Wa pili, nikamwita Winta.

"Mwambie shangazi unataka nini."

Winta akaunyooshea kidole mkate wa himbasha mezani. "Ile... mimi."

Nikamgeukia Letebrhan. Kwa Kiswidi nikamwuliza: "Haya dada, nitafsirie. Kasema nini?"

Akaweka kikombe mezani.

"Kumbe unaelewa."

"Naelewa. Nani kakutuma?"

Akainuka, akashika koti lake. Nikamimina kahawa ya tatu. Akaitazama. Akakaa.

"Mwanangu Filmon," akasema taratibu, "walimpima kwa Kiswidi peke yake. Mkalimani hakuna, nini hakuna. Mtoto Kitigrinya anakiporomosha kama padri! Wakasema akili yake nzito, wakamtenga na wenzake. Alikaa darasa hilo mpaka ndevu zikaota. Nilipopata kazi hii nikaapa, hakuna mtoto wetu atakayeitwa mjinga tena mbele yangu."

Nilijiandaa kupambana na adui, nimemkuta mama mwenzangu.

Nikamshika mkono. "Lakini dada, Filmon alikuwa mzima, wakasema ana tatizo. Winta wangu amekwama, wewe unasema ni mzima. Tofauti iko wapi?"

Akalia. Kahawa akaimaliza.

Kesho yake Letebrhan mwenyewe akampigia Ingalill, akaeleza kila kitu. Nikajua kimenuka, kazi hana. Lakini Ingalill akasema: "Turudie na picha mpya. Safari hii mama yake, maadamu Kiswidi anakielewa, aisikilize tafsiri."

Tukarudi. Picha ya msichana kamwagia paka maziwa.

Winta akahangaika, midomo inatafuta. "Paka... maji... ile."

Letebrhan akamgeukia Ingalill. Machozi yanamlenga, akasema kwa Kiswidi:

"Paka. Maji. Ile."

Sijawahi kusikia tafsiri mbovu iliyo tamu kama ile.

Winta ameshaanza kikundi. Na juzi sketi yangu haikuvutwa. Alisimama mlangoni mwa jikoni, akavuta pumzi, akasema: "Mama, maji nipe."

Nikampa bilauri mbili.

Wenzangu, mficha uchi hazai. Mtoto wako akipimwa, apimwe kwa lugha zake zote, na maneno yake yafike kama yalivyotoka kinywani, hata kama yamepinda. Aibu tunayoifunika ni yetu wakubwa.

Yeye alikuwa anataka maji tu.