Mama Kijiko na Mchuzi wa Wifi Yake

Saa nne na robo asubuhi, jua limeshachachamaa nje, lakini Mama Kijiko anafunga dirisha la jikoni. Anavuta pazia, anaacha upenyo mdogo, anachungulia uani. Jirani yake anaanika nguo.

"Yule hana nguo za kuanika kutwa nzima," ananong'ona. "Ile shuka iko kwenye kamba tangu juzi. Anasimama pale kunusa tu."

Kisha anamgeukia mwandishi wa makala haya na kunyoosha mkono. Anataka simu. Simu inalazwa kifudifudi juu ya kabati, ndipo mgeni anapoonyeshwa stuli ya kukalia. Kalamu inaruhusiwa.

"Kalamu haipigi picha," anasema, ingawa anaitazama kama mtu asiye na hakika.

Jikoni kuna sufuria moja tu. Ndani yake ni kuku katika mchuzi wa rangi ya kahawia, na hili ni jaribio la ishirini na saba. Yale ishirini na sita mengine yameliwa na familia, na mtoto wake wa mwisho ameshaapa kwamba akihama nyumba hii hatagusa kuku maishani.

Mama Kijiko, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, ni mwandishi wa vitabu vya mapishi. Anakula chakula mgahawani, anakichambua kwa ulimi, halafu anakipika upya nyumbani mpaka mlaji ashindwe kutofautisha. Jina hilo alipewa kwa sababu ya kijiko cha chuma anachotembea nacho mkobani. Vijiko vya migahawa havitaki kabisa, anadai vina ladha ya sabuni. Wahudumu wakimwona anachomoa chake, huanza kuhesabu vyao.

Hakusomea upishi. Kwa miaka kumi na minne alikuwa mwosha vyombo katika hoteli moja, na wapishi walikuwa wakimfukuza kila alipolisogelea jiko.

"Wafukuze tu," anasema. "Sufuria zao si zilikuja kwangu zote? Mpishi atakudanganya mchana kweupe. Sufuria haijui uongo. Kilichogandia chini ndicho kilichopikwa."

Mpaka leo anakichunguza chakula kwa macho ya mwosha vyombo. Chakula kimoja anakila mara tatu. Mara ya kwanza cha moto, kama mteja mwingine yeyote. Mara ya pili anakibeba hadi nyumbani na kukiacha kipoe kabisa, maana mafuta yakiganda hujitenga, na hapo anajua yametoka kwenye nini. Mara ya tatu anasuuza kipande cha nyama kwa maji ya uvuguvugu, kisha anaonja yale maji.

Jaji ni mumewe, fundi umeme mstaafu. Anafungwa kitambaa machoni na kulishwa vijiko viwili, kimoja cha mgahawani na kingine cha nyumbani.

"Miaka thelathini ya ndoa," analalamika mzee huyo, "leo nalishwa kama mateka."

Kitabu cha kwanza kilikuwa na vyakula thelathini. Nakala elfu tatu ziliisha kabla mwaka haujakatika. Cha pili kitakuwa na arobaini, na thelathini na tisa viko tayari. Kilichobaki ni hiki kilicho jikoni, na hiki ndicho kimeleta balaa ndani ya ukoo.

Kuku huyu ni wa mgahawa wa pale kona, unaojaa kila mchana kwa ajili yake. Anayempika ni wifi yake Mama Kijiko, mdogo wa mumewe wa tumbo moja, kwa mwaka wa kumi na tisa sasa.

Mwenye mgahawa, ambaye kila mtu humwita Bosi, alisikia kwamba wifi wa mpishi wake ni yule mwizi wa ladha. Neno hilo la mwizi ni lake. Tangu siku hiyo, wifi hupekuliwa begi kila atokapo kazini kwa mlango wa nyuma. Aliambiwa waziwazi kwamba mchuzi ule ukionekana kitabuni, ajue hana kazi. Ana watoto watatu shuleni na ni yeye peke yake anayewalea.

Wifi aliacha kuja nyumbani. Sasa imetimia miezi mitano.

"Anadhani namtega," anasema Mama Kijiko. "Na mimi sijawahi kumuuliza hata chumvi. Naapa! Lakini mchapishaji ameng'ang'ania, wasomaji zaidi ya mia mbili wameniandikia, wote wanataka mchuzi huo huo. Na mimi nina kichwa kigumu, ukiniambia haiwezekani ndiyo umeniwasha."

Ulimi wake ulikuwa umekamata kila kitu isipokuwa kimoja. Kulikuwa na ladha iliyokuwa ikimkausha ulimi pembeni, dakika moja baada ya kumeza. Haikuwa ndimu wala siki. Asubuhi hii anaokota kikombe cha mumewe ili akioshe, anaona duara jeusi ndani yake, anaganda.

"Chai," anasema. "Chai ya rangi, iliyokolea. Mungu wangu, nimeosha vikombe miaka kumi na minne!"

Anamimina nusu kikombe cha chai hiyo kwenye sufuria na kusubiri. Mzee anafungwa kitambaa.

"Hiki cha mdogo wangu," anasema baada ya kijiko cha kwanza. Anameza cha pili. "Na hiki pia."

Mama Kijiko anapiga kigelegele, halafu anakumbuka jirani na kukikata katikati. Lakini mumewe hafurahi. Anakifungua kitambaa mwenyewe na kukikunja taratibu.

"Mke wangu, sikiliza. Huo ukurasa wa kuku hauendi kwa mchapishaji kabla hujampelekea yule Bosi mkononi. Umwambie uso kwa uso kwamba hukupewa na mtu. Mdogo wangu akifukuzwa kwa ajili ya kitabu chako, mimi sitakuwa na la kusema na wewe tena."

Mama Kijiko hakubishana. Alivaa viatu.

Saa nane mchana, wateja wakiwa wamepungua, aliketi mbele ya Bosi kwenye meza iliyo karibu na kaunta. Bosi alimkagua mwandishi wa makala haya kuanzia viatu, akataka kuona kitambulisho, akakisoma pande zote mbili. Kisha akauchukua ukurasa na kuupitia kwa kidole, mstari kwa mstari, mara mbili.

"Mdalasini uko wapi?" aliuliza.

"Mdalasini gani, baba?"

Bosi aliegemea nyuma na kucheka bila furaha. Alieleza kwamba miezi mitano iliyopita aliandika upya karatasi ya mapishi iliyobandikwa jikoni, akaongeza vijiko viwili vya mdalasini visivyowahi kuingia kwenye chungu chochote. Aliweka mtego. Kitabu kingetoka na mdalasini, angejua kimetoka ukutani kwake.

"Kwa hiyo hukuibiwa," alisema Mama Kijiko, akishusha pumzi.

"Ngoja kwanza." Kidole kilirudi kwenye karatasi. "Hii chai umeitoa wapi? Mchuzi wangu ni wa mifupa iliyochemshwa siku nzima. Hakuna chai kwenye mchuzi wangu. Na kama ipo, nani kaitia bila mimi kujua?"

Mama Kijiko aliona kosa lake. Alikuwa na hakika kwamba mwenye mgahawa anajua. Alikuja kumsafisha wifi yake, na sasa yeye mwenyewe ndiye amemchongea, kwa ulimi wake. Bosi alikuwa ameshapiga ukelele jikoni, na wifi akatokea akijifuta mikono kwenye aproni. Alimwona Mama Kijiko, akaisoma karatasi harakaharaka, macho yakamjaa maneno ambayo hayasemwi mbele ya wageni.

"Chai ni yangu!" Mama Kijiko alidakia. "Nimeshindwa, baba. Ladha yenu imenipiga chenga mara ishirini na saba, nikatia chai ili kuziba pengo. Andika popote kwamba nimeshindwa."

Waliomfahamu wangeshangaa, maana mwanamke huyu hajawahi kukiri kushindwa hata na chumvi.

Bosi alianza kutabasamu. Wifi hakutabasamu. Alimtazama Mama Kijiko kwa muda mrefu, kama anayejaribu kujua kama huu nao ni ujanja.

"Hajashindwa," alisema hatimaye. "Chai naitia mimi, bosi. Mwaka wa tisa sasa. Mchuzi wako wa mifupa ulikuwa unakinaisha, watu wanaacha nusu sahani. Nilipotia chai, sahani zikaanza kurudi tupu. Ukitaka kunifukuza, nifukuze kwa hilo, si kwa wizi."

Bosi aliagiza aletewe sahani. Alikula taratibu, akionja kama anayetafuta sumu, kisha akala haraka, kisha akachukua kipande cha mkate na kuipangusa sahani mpaka ikang'aa. Alipogundua wote wanamtazama, akauweka mkate chini.

"Unatia kiasi gani?" aliuliza.

"Kimeandikwa hapo. Soma," alisema wifi, akiionyesha karatasi.

Bosi alikohoa. Akamwambia arudi jikoni, kuna wateja.

"Na begi langu?"

"Begi... tutaona."

"Hakuna tutaona, bosi. Leo natoka nalo limefungwa."

Jioni, saa kumi na moja na nusu, wifi alitoka nalo limefungwa. Bosi alisimama mlangoni, akalifuata kwa macho hadi barabarani, lakini mikono ilibaki mifukoni.

Mama Kijiko alikuwa akimngoja nje, karatasi mkononi.

"Wifi, sikuwahi kumwomba mtu ruhusa katika kazi hii," alisema. "Nakuomba wewe. Ukikataa, kitabu kitatoka na vyakula thelathini na tisa."

"Miezi mitano napita mtaa wa nyuma nisionane nawe," alijibu wifi. "Nilijiambia umeniuza." Akaichukua karatasi, akaisoma tena, akasonya. "Andika. Weka na jina langu. Ila hujafika, umekaribia tu."

"Sijafika? Kaka yako mwenyewe ameshindwa kutofautisha!"

"Kaka yangu anakula chochote."

Wifi akamvuta karibu na kumnong'oneza sikioni. Mama Kijiko akafumbua macho, akajipiga paja. "Weee! Ndiyo maana!"

Mwandishi aliuliza ni nini. Wanawake wote wawili waligeuka, wakamtazama yeye, kisha kalamu yake.

Kitabu kitatoka baada ya miezi mitatu, na Mama Kijiko anataka cha tatu wakiandike wawili, yeye na wifi yake. Lakini alichonong'onezwa anasema hakitachapishwa popote.

"Mengine yote niliyachukua mwenyewe," anasema. "Hili nimepewa."