Aliambiwa ni Mzima Mpaka Akafa

Wasomaji wangu, Jumanne nilipigiwa simu kutoka Rungwa. Yule ndugu yangu mrina asali ambaye baadhi yenu mmeonja asali yake kwangu amefariki dunia. Aliyepiga ni mkewe, na hakulia. "Shemeji, kaka yako amepumzika," alisema.

Hakuwa mtu wa kulalamika. Mwaka mmoja alianguka kutoka juu ya mti akitundika mzinga, mkono ukavunjika. Akarudi nyumbani kwa miguu, akisalimia kila aliyekutana naye, akaketi na kuomba chai. Mkewe alijua tu pale kikombe kilipomshinda kuinua. Kwa hiyo siku alipofika kwangu hapa Singida mjini akasema, "Ndugu yangu, ubavu unanila," nilijua jambo ni zito, nikampeleka hospitali. Hawakumpuuza, lazima niseme ukweli. Alipigwa picha ya ultrasaundi, ukaonekana uvimbe kwenye tezi ndogo inayokaa juu ya figo. Daktari, kijana mchangamfu, alitueleza kwamba uvimbe wa hapo mara nyingi hujitangaza: humwaga homoni, presha ikapanda, moyo ukaenda mbio, jasho likatoka bila sababu. Wakampima damu na mkojo. Tuliporudi kuchukua majibu, daktari alikuwa anatabasamu.

"Shikamoo mzee. Homoni ziko sawa, na presha yako nzuri kuliko yangu. Huo uvimbe hauna neno."

"Marahaba. Sasa mwanangu, kinachoniuma ni nini?"

"Misuli tu, mzee. Punguza kupanda miti."

Akapewa dawa za maumivu. Hakuna aliyemwambia arudi kupigwa picha nyingine. Kila alipozidiwa alikwenda zahanati ya kijijini, akaonyesha majibu yale, akaambiwa ni mzima. Majirani wakanong'ona kwamba amerogwa. Wengine, kwamba amekuwa mvivu. Hilo la uvivu lilimuumiza kuliko ubavu. Alipokonda hata suruali zikawa hazikai kiunoni, tulimpeleka Dodoma. Daktari bingwa aliilinganisha picha mpya na ile ya kwanza, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani alisema uvimbe huu uachwe?" Akatueleza kwamba uvimbe wa tezi ile unaweza usitoe homoni hata kidogo na bado ukawa saratani. Ni nadra, lakini upo. Ungetolewa mapema, pengine angepona. Sasa ulikuwa umeshaingia kwenye ini. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, na sisi tuliusifu ukimya wa uvimbe ule.

Mazishini mkewe alinishika mkono. "Shemeji, walimwambia ni mzima mpaka akafa." Nina uchungu tu. Tumekuwa watu wa kupenda majibu mazuri. Shuleni, ofisini, kwenye mikutano ya kijiji, taarifa ikisomwa kuwa mambo yako sawa, tunapiga makofi, na anayesema bado inauma anaonekana msumbufu. Yule daktari hakudanganya. Homoni zilikuwa sawa kweli. Ila kipimo hujibu kile kilichoulizwa, basi. Mgonjwa akiendelea kusema anaumwa wakati majibu yanasema hapana, anayepaswa kuaminiwa kwanza ni mgonjwa. Karatasi haina ubavu.