Ladu kwa Bosi wa Binti Yangu

Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba yangu alikufa na shule yangu ikafa naye. Darasa la nne ndilo langu la mwisho. Mama alinishika mkono akanipeleka kwa Mhindi mmoja pale Mombasa aliyekuwa akiziba rejeta za malori. Akasimama mlangoni amejitanda kanga yake, akamwambia, "Tajiri, huyu sasa ni mwanao. Akikosa mpige, akiumwa nirejeshee." Yule Mhindi akanitazama mikono, uso hakuutazama. Akasema nije kesho. Ndiyo ajira yangu ya kwanza hiyo.

Jumapili tulikuwa hatufanyi kazi, nami nikawa naenda sinema. Picha za Kihindi, viti vya mbele kabisa, shingo inauma mpaka Jumanne. Kihindi changu chote nimekipata kwenye viti vile na kwa yule tajiri, na mpaka leo nakisikia vizuri kuliko Kiingereza nilichoishi nacho Texas miaka yote hii. Wanaonicheka kwa hilo nawaacha wacheke.

Picha za wakati ule zilikuwa na kijana mmoja, ni yuleyule tu anabadilishwa shati. Amesoma, ana vyeti ndani ya faili, anapita ofisi moja baada ya nyingine na kila mlango anaambiwa nafasi hakuna. Nafasi kapewa mpwa wa mkubwa. Nyumbani mama anashona cherehani mpaka macho yanaingia ukungu. Siku kijana akipata kazi, anakuja mbio na boksi la peremende, mama anamtia moja mdomoni, yeye anaigusa miguu ya mama, na sinema nzima inapiga makofi. Nami nilipiga, na mikono yangu imeungua kwa risasi ya moto ya kuzibia rejeta.

Lakini kuna jambo nililiona hata kwa utoto wangu. Picha ilichukua saa tatu nzima, na stelingi sikumwona akifanya kazi. Alitafuta kazi, alipata kazi, alifukuzwa kazi, alimpenda binti wa tajiri wake. Kazi yenyewe ilikuwa kufuta jasho mara moja, basi, wimbo unaanza. Hakuna aliyetuonyesha ile siku ya katikati, mtu anapoinama asubuhi na kunyooka jioni na hakuna lililotokea.

Nilifika Houston mtu mzima. Niliosha magari, nikaendesha teksi, nikalala chumba kimoja na wanaume wenzangu, mmoja akiamka mwingine anarithi godoro. Baadaye nikahamia Arlington, nikaoa mke muuguzi kutoka kwetu pwani, nikafungua gereji yangu Mansfield. Mtoto tulipewa mmoja, msichana. Kiswahili anakisikia, anajibu Kiingereza, akiwa na shida yake ndipo anachanganya.

Tulichokuwa nacho mimi na yeye ni picha za Kihindi. Jumapili alasiri, kochi moja. Mimi nasikiliza maneno, yeye anasoma maandishi ya chini. Kisha tunabishana.

"Baba, hapo hakusema hivyo."

"Wewe umesoma walivyoandika. Mimi nimesikia alivyosema."

Picha za siku hizi yeye ndiye aliyekuwa akizileta, na ndani yake kijana amegeuka. Huyu wa sasa kazi anayo. Ofisi ya vioo, kadi shingoni, kahawa mkononi. Mkubwa anamkaripia, anakwenda kulia chooni. Kisha anaacha kazi, anapanda milima na begi, anarudi mpiga gitaa au mpishi. Na baba yake ndiye adui. Adui wa zamani alikuwa na bunduki na gari refu, wa leo ni mzee aliyemsomesha mwanawe. Mwishoni huyo baba anakwenda kusimama nyuma ya ukumbi, analia, anakiri mtoto alikuwa na haki. Nilimwambia binti yangu, "Huyo baba wameshamlipa alie." Akacheka mpaka akamwaga chai.

Alipomaliza chuo akapata kazi Lewisville, kwenye ofisi ya mambo ya bima za wagonjwa. Nilitembea kifua mbele gereji nzima. Wateja wote walijua. Kila alfajiri anatoka Arlington kwa gari nililomtengenezea mwenyewe, anakwenda kule juu kabisa, anarudi giza limeingia. Mwezi wa kwanza alikuwa anahadithia. Baadaye akawa anakula kimya. Baadaye hata kula hakuna, anapita moja kwa moja chumbani.

Jumamosi moja alikuja gereji nimwangalie breki. Niko chini ya gari, naona viatu vyake tu. Akasema, "Baba, nita-quit."

Nikatoka chini. "Nani kakutukana?"

"Hakuna aliyenitukana. Nakataa madai ya wagonjwa kutwa nzima, Baba. Hiyo ndiyo kazi. Watu wanapiga simu wanalia, mimi nasoma nilichoandikiwa."

Akanieleza kwamba kuna shule ya watoto wadogo Houston iliyoonyesha kumtaka, lakini bado hawajasema ndiyo, na watampigia bosi wake wa Lewisville kumuulizia. Mpaka hapo asijue mtu. "Mama sijamwambia. Nimekwambia wewe tu."

Sasa mimi nilisikia nini? Nilisikia mtoto anataka kuitupa kazi ya ofisi akafute watoto makamasi. Kutukanwa nimetukanwa, kuchomwa nimechomwa, kazi sikuiacha. Kisha nikakumbuka aliwahi kusema bosi wake ni Mhindi. Nikaona njia. Mhindi ninamjua. Mhindi unamwendea na heshima, unamkabidhi mwanao mkononi, naye anaona haya kumtesa. Mama yangu alifanya hivyo, nikadumu kwa yule tajiri miaka. Na katika picha zote nilizoona, baba akienda kwa mkubwa na mikono imekutana kifuani, moyo wa mkubwa unalainika.

Nikavaa kanzu, koti juu, kofia yangu ya kiua. Nikapita duka la Wahindi nikanunua boksi la ladu, peremende za duara kama zile za kwenye picha. Nikaendesha mpaka Lewisville.

Mapokezi alikuwepo mama mmoja mnene, mpole. Akauliza nina miadi na nani. Nikamtajia cheo cha bosi na jina la binti yangu. Kidogo binti yangu akatokea kwenye lifti, rangi imemtoka.

"Baba, kuna nini? Mama mzima?"

"Mama yako mzima. Nimekuja kukukabidhi."

"Kunikabidhi nini? Baba, twende nje. Tafadhali."

Bosi akatoka nyuma yake. Kijana tu, labda ana umri wa mafundi wangu. Nikamwekea ladu mkononi, nikaunganisha viganja, nikaanza kwa Kihindi, kile safi cha picha za zamani: bwana, mimi ni baba wa binti mmoja, heshima yangu iko mikononi mwako, mfanye kama mdogo wako, asiondoke hapa.

Bosi akatabasamu kwa adabu, akamgeukia binti yangu. "Mzee anasema nini?"

"Sijui," akasema binti yangu. "Mimi Kihindi sijui."

"Hata mimi," akasema bosi. Kumbe ni mzaliwa wa Houston, wazee wake ni watu wa kusini mwa India wenye lugha yao nyingine kabisa. Ladu amezishika kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

Basi nikasema kwa Kiingereza changu cha gereji, na sauti yangu ni ya mtu aliyezoea mashine. Nikasema huyu anataka kuacha kazi, anataka kwenda shule ya watoto Houston, usimruhusu, mkalishe. Yule mama wa mapokezi akainamia meza yake. Watu waliokuwa wakingoja lifti wakaacha lifti ipande bila wao.

Binti yangu hakupiga kelele. Alisema, "Baba, nenda nyumbani," kama anavyosema na wale wapigao simu.

Wiki ile haikuisha. Wakubwa wa ofisi walimwita, wakamwambia kwa kuwa ameshaamua kuondoka hawaoni haja ya kungoja. Alirudi na vitu vyake kwenye boksi la karatasi za mashine. Ile shule ya Houston nayo ikanyamaza, na mpaka leo hakuna ajuaye waliambiwa nini walipopiga simu.

Mke wangu alikuwa jikoni anakuna nazi. "Ungekaa na rejeta zako," akasema. "Mtoto kakupa siri yake, wewe umeivalia kofia ukaipeleka Lewisville."

"Nilikwenda kama baba. Baba asiyekwenda ni baba gani?"

"Huyo asiyekwenda, mtoto wake bado ana kazi."

Binti yangu alikuwa amekaa mezani, anatusikiliza. Nikamwambia gereji ipo, aje ashike ofisi yangu, siku moja itakuwa yake. Akasema, "Sitaki gereji, Baba. Nilitaka uninyamazie tu." Akahamia Houston kabla ya mwezi mtukufu. Mama yake ananiambia anauza maua kwenye duka la vyakula, anakaa na msichana mwenzake, anaomba kazi huku na kule na haijaja. Ofisini Lewisville alikuwa na bima na kiti chake. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na mke wangu akiyasikia huondoka chumbani.

Idi iliyopita alikuja. Alinibusu mkono, akala pilau, akakaa kwenye kochi letu na simu yake, vidude vya kusikilizia masikioni. Nilichungulia. Ilikuwa picha ya Kihindi, kijana anasubiri kwenye korido na faili. Maandishi yanapita chini, anayasoma. Mimi sikusikia neno. Nikauliza, "Kapata hiyo kazi?" Akatoa kidude kimoja. "Bado, Baba." Akakirudisha. Kabla ya alasiri alikuwa barabarani anarudi Houston.

Mke wangu huenda kumwona. Mimi sijaalikwa, na bila kualikwa siendi tena. Simpigii simu kumwomba radhi. Nilimpeleka nilivyopelekwa mimi.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba Arlington, vyumba vinne, haina deni. Gereji Mansfield, lifti tatu za kuinulia magari, na kiwanja chake ni changu. Gari la kukokotea magari mabovu. Lori dogo la kwangu na gari la mke wangu. Kiwanja kwetu pwani, Kikambala, kilichozungushiwa ukuta. Nafasi mbili kwenye makaburi ya Waislamu hukuhuku Texas, yangu na ya mke wangu.