Swali Nililoletewa na Semina

Nilirudi Bunda kutoka semina ya mageuzi ya uchumi na vitu viwili: kitambaa cha suti ndani ya brifkesi, na swali la Kiingereza mdomoni. "Are we on track?" Yaani, tunaelekea tulikopanga? Nilimwuliza karani ofisini, nikamwuliza hata mke wangu akisonga ugali.

Fundi cherehani alikwisha kunipima suti ya harusi ya binti yetu. Kitambaa nilisema nitaleta mwenyewe. Kila wiki niligonga brifkesi mezani kwake na kumwuliza swali langu. Kila wiki alisimamisha cherehani na kujibu, "Mimi nakusubiri wewe, mzee." Nikaona ana adabu.

Brifkesi yenyewe nilibeba kwa heshima tu, sikuwa naifungua. Niliifungua kwa fundi siku moja kabla ya harusi, nikitafuta kadi yake ya mwaliko. Kitambaa kilikuwa humo, bado kimefungwa kwenye gazeti. Fundi hakucheka. Alikipapasa, akatazama kalenda, akanirudishia.

Harusini nilivaa kaunda suti ya enzi za foleni za sukari. Fundi alinipa mkono, akaikagua hadi kwenye kifungo kilichopungua.

"Mzee, are we on track?"

Semina haikutufundisha jibu.