Mpiga Video na Vioo Viwili

Kila asubuhi mpiga video wa harusi aliingia dukani kwa mama mkubwa wangu, Bi Mboni, akafuta mikono kwenye suruali, ndipo aguse laptopu mbili tulizokuwa tunauza, ndogo na kubwa. Mikono yake ni mirefu, mikavu, haitikisiki hata ngoma ikichanganya. Ile laptopu ndogo aliibana kwapani kama kuku wa mnada, akazunguka nayo duka zima. "Hii inabebeka," alisema kwa sauti yake ya chini. "Naenda nayo kwa baiskeli mpaka Nduguti." Halafu aliirudisha, akaikodolea macho ile kubwa. "Ila kwenye kioo kidogo naweza kumkata bibi aliyekaa nyuma, na asipojiona kwenye video ya harusi, ukoo mzima hauniiti tena."

"Chukua kubwa, mwanangu," Bi Mboni akamwambia siku moja. "Mtu anaonekana mpaka kope!"

Mpiga video akatia CD ya harusi aliyoipiga kule Mandewa ili aijaribu. Sote tukasogea. Shehe anaomba dua, watu wameinamisha vichwa, na nyuma yao, wazi kabisa, Bi Mboni anatumbukiza paja la kuku mkobani. Halafu la pili.

"Hebu rudisha nyuma kidogo," mteja mmoja akaomba.

"Zima!" mama mkubwa akapiga kelele. "Chukua ndogo, baba! Si inabebeka?"

Mpiga video wala hakumsikia. Pua yake ilikuwa karibu iguse kioo. "Hata mafuta yanang'aa," alinong'ona. Akalipa, akaikumbatia ile kubwa na CD ikiwa humo humo, akatoka. Hajarudi tena, ingawa Bi Mboni kila siku anatangaza kwamba atambadilishia bure.