Software ilisoma ramani nyingine ya DNA, na ripoti ilikuwa imeshafika kwa daktari

Wakuu, salaam kutoka Birmingham.

Hii sikusimuliwa, nilikuwepo. Majina nimebadilisha, mengine ni kama yalivyotokea.

Mimi Mtanzania, naishi Erdington, nachambua data za vinasaba kwenye maabara moja hapa mjini. Kwa lugha rahisi: mashine inasoma DNA ya mgonjwa, inatupa sehemu zenye tofauti. Zinakuja kama namba tupu. Ili ujue namba fulani imeangukia jeni gani na ina madhara gani, software yetu inaingia kwenye database kubwa mtandaoni, inauliza, inajibiwa.

Sasa, ramani ya DNA ina version ya zamani na mpya. Namba ileile kwenye ramani hizo mbili ni sehemu mbili tofauti kabisa. Kama mtaa uliobadilishwa namba za nyumba.

Mwenzangu kazini, tumwite Espérance, ni Mkongo wa Bukavu, anakaa Shard End. Dada makini sana. Siku hiyo alikuwa ametuma kwa daktari ripoti ya mama mmoja ambaye kwao saratani ya matiti imeua watu. Ripoti ilisema na yeye ana kasoro kwenye jeni ya hatari. Bosi alishasaini.

Mchana nikafungua faili lilelile kwa kazi nyingine.

Nikaona kitu. DNA huandikwa kwa herufi nne, A, C, G na T. Faili linasema pale penye tofauti ya yule mama, kwa kawaida huwa herufi A. Database inasema G.

Wakuu, hiyo haitokei, labda kama unasoma ramani nyingine.

Nikaingia settings. Software ilifanyiwa update karibuni, na update ikabadilisha anwani ya database inakouliza. Sasa inauliza ramani mpya, faili letu ni la ramani ya zamani.

Nikamwita Espérance. Akaitazama screen, akazisoma zile herufi mbili. Alikuwa bado kwenye probation, muda wa majaribio kazini, na ana watoto wawili. Nikamwambia niende mimi kwa bosi, nielezee habari ya update.

Akanijibu kwa Kiswahili cha kwao, "Hapana, kaka. Ni mimi njo nilituma. Nitasema mwenyewe."

Akasema.

Bosi, mama wa Kiingereza mtulivu, hakumgombeza. Alichukua simu. Ya daktari ikaita mpaka ikakatika. Reception wakasema daktari yuko na mgonjwa. Mgonjwa gani, hawakutaja.

Huku sisi tunarudia swali kwa anwani sahihi, na database nayo imelemewa. Timeout. Tunajaribu tena, timeout. Espérance anasali kwa Kifaransa, kwa kunong'ona.

Ikajibu. Ile tofauti haikuwa hata ndani ya jeni. Haina madhara yanayojulikana.

Ndipo daktari akapiga. Alikuwa ameshamwambia. Yule mama yuko mbele yake, ameshampigia binti yake, na wameanza kuzungumzia upasuaji.

Bosi akamweleza yote, bila kuficha. Baadaye daktari alitusimulia kwamba yule mama hakulia wala hakushukuru. Aliuliza tu:

"Na hii mpya, nitajuaje ndiyo ya kweli?"

Kipimo kikarudiwa kwenye maabara nyingine, kwa sampuli mpya. Kikatoka salama. Espérance yupo kazini mpaka leo, na sasa software yetu inagoma kabisa herufi zisipolingana. Ile kinga aliiandika yeye.

Nilichojifunza: database haidanganyi, inajibu ulichouliza. Ukiuliza ramani isiyo yako utapata jibu safi, lenye jina la jeni na kila kitu, na halikuhusu. Version kwanza, matokeo baadaye.

Mlio kwenye fani za data, nyie mnajilindaje na update za kimyakimya? Na ambao hampo huko, niambieni yule mama mngemjibu nini. Daktari yeye aliagiza kipimo kirudiwe.